Saa Janja na Maji: Maana ya "Mita 50" na Haki ya Mnunuzi

Kiswahili kina kauli mbili ambazo masikioni hukaribiana lakini sokoni hazilingani. Ya kwanza ni "haiingii maji". Ya pili ni "inastahimili maji". Ya kwanza huisikia kwa muuzaji aliye nyuma ya kaunta. Ya pili ndiyo iliyoandikwa na mtengenezaji kwenye boksi na katika kijitabu cha maelezo, mara nyingi kwa herufi ndogo na kwa lugha ya kigeni. Anayesema saa haiingii maji ametoa ahadi isiyo na mpaka. Anayesema inastahimili maji ametoa ahadi yenye masharti: maji ya aina fulani, kwa kiasi fulani, kwa muda fulani, saa ikiwa katika hali fulani. Mnunuzi asiyeyajua masharti hayo huitambua tofauti siku ukungu unapotanda chini ya kioo, na siku hiyo huwa amekwisha kuchelewa.

Tumfikirie mnunuzi mmoja wa mfano. Ananunua saa janja Kariakoo ili apime mapigo ya moyo wake anapoogelea. Boksi limeandikwa "5 ATM, mita 50". Muuzaji anamhakikishia kwamba anaweza kuzama nayo atakavyo. Kila Jumapili anaogelea nayo baharini Kigamboni. Akirudi nyumbani anaoga nayo kwa maji ya moto na sabuni, kisha anaiweka kwenye chaja ikiwa bado mbichi. Hajapata kuzama hata mita tatu. Baada ya miezi minane skrini inazimika. Anapoirudisha dukani anaonyeshwa kifungu cha dhamana kinachosema kwamba madhara ya maji hayafidiwi. Anauliza, na swali lake ni la haki: ikiwa saa imeandikwa mita 50, imekufaje katika mita tatu?

Makala haya yanajibu swali hilo, yanaeleza namna ya kuvaa na kutunza saa janja karibu na maji, na yanaonyesha hatua ambazo mtumiaji anaweza kuchukua kabla na baada ya kununua.

Tarakimu zina maana gani

Herufi ATM zilizo kwenye saa hazihusiani na mashine ya kutolea fedha benki. Ni kipimo cha mgandamizo. ATM moja ni sawa na mgandamizo wa hewa unaotuzunguka tukiwa usawa wa bahari. Mtu anapozama majini, kila mita 10 za kina huongeza takriban ATM moja. Kwa hiyo saa ya 5 ATM ni ile iliyojaribiwa kwa mgandamizo unaolingana na ule wa maji yaliyotulia katika kina cha mita 50.

Neno la kushika hapa ni "iliyojaribiwa". Saa nyingi za kuogelea hupimwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 22810, kilichotolewa mwaka 2010. Katika jaribio la mgandamizo, saa huwekwa chini ya mgandamizo uliotajwa kwa dakika 10. Hakuna mkono unaopiga maji, hakuna chumvi, hakuna sabuni, na saa yenyewe ni mpya. Kiwango hicho pia hakimlazimishi mtengenezaji kupima kila saa moja. Anaweza kupima sampuli. Basi "mita 50" ni matokeo ya jaribio la maabara. Si kibali cha kushuka mita 50 baharini, wala si ahadi kwamba uwezo huo utabaki vilevile mwaka hadi mwaka.

Kwa matumizi ya kawaida, alama hizi zaweza kufahamika hivi:

3 ATM: saa inavumilia kunawa mikono, jasho na manyunyu ya mvua. Isivaliwe kuogelea.

5 ATM: inafaa kuogelea karibu na uso wa maji, bwawani au baharini, ikiwa kijitabu cha maelezo hakikatazi.

10 ATM: inafaa kuogelea na kutazama matumbawe kwa miwani na mrija wa kupumulia. Haifai kuzamia kwa mtungi wa hewa, isipokuwa pale mtengenezaji alipoandika wazi kwamba inafaa.

ISO 6425: hiki ni kiwango cha saa za wazamiaji. Chini ya kiwango hiki kila saa hupimwa moja moja, kwa mgandamizo unaozidi kwa asilimia 25 ule ulioandikwa, na kina cha chini kinachokubalika ni mita 100.

Baadhi ya saa huandikwa IP67 au IP68. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi. Ya pili inahusu maji. Saba maana yake kifaa kilizamishwa mita moja kwa dakika 30. Nane maana yake kilizamishwa kwa masharti makali zaidi ya hayo, lakini masharti yenyewe huwekwa na mtengenezaji. Kwa hiyo saa mbili zenye alama ya IP68 zaweza kuwa na uwezo tofauti, na jibu limo katika kijitabu cha kila moja. Zaidi ya hayo, kifaa kilichofaulu kuzamishwa hakihesabiwi kuwa kimefaulu pia jaribio la maji yanayorushwa kwa nguvu. Hayo ni majaribio mawili, na kila moja lina tarakimu yake.

Kinachozuia maji, na kinachokichosha

Ndani ya saa janja hakuna muujiza. Kuna pete nyembamba za mpira zilizozunguka vitufe na mfuniko wa nyuma. Kuna gundi inayoshikilia kioo. Na kwenye matundu ya spika na kipaza sauti huwekwa utando unaopitisha hewa na kuzuia matone. Vitu hivi vyote huchakaa. Mpira hukakamaa, gundi hulegea, utando huziba au hupasuka. Ndiyo maana watengenezaji wakubwa, Apple na Samsung wakiwamo, huandika katika maelezo yao kwamba uwezo wa kustahimili maji si wa kudumu na waweza kupungua kadiri muda unavyopita.

Mambo yanayoharakisha uchakavu huo ni haya.

Sabuni, shampuu, losheni, mafuta ya kujikinga na jua, manukato na dawa ya kufukuza mbu. Vitu hivi hushambulia mpira na gundi, na sabuni huyawezesha maji kupenya mahali ambapo maji matupu yasingepenya.

Joto na mvuke. Mvuke hupita penye upenyo ambao tone haliwezi kupita, kisha hugeuka maji ndani ya saa inapopoa. Joto pia hulegeza gundi. Kwa sababu hiyo sauna, chumba cha mvuke na maji ya moto sana si mahali pa saa janja, hata yenye 10 ATM.

Kuanguka na kugongwa. Saa iliyopiga sakafu yaweza kuonekana nzima kwa macho, huku gundi ya kioo imeachia upande mmoja. Kioo chenye ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, kimekwisha kupoteza kinga yake.

Maji yanayopiga kwa kasi. Kuruka kutoka ukutani, kama vijana wafanyavyo Forodhani, Unguja, au kuvutwa na boti juu ya maji, huupiga uso wa saa kwa nguvu ambayo mwogeleaji wa kawaida haipati.

Kufunguliwa. Fundi akibadili betri au kioo, huivunja gundi ya kiwandani. Asipoweka pete na gundi mpya na kuipima saa tena, ihesabiwe kuwa haina kinga dhidi ya maji, hata kama maandishi ya mgongoni bado yanasoma "mita 50".

Maji ya kila siku

Maji ya mvua, kunawa mikono na udhu si hatari kwa saa nzima yenye 3 ATM na kuendelea. Hata hivyo, mwenye kutia udhu ambaye huivua au kuisogeza saa ili maji yafike kwenye ngozi anaisaidia pia saa yake, kwani hupata nafasi ya kukausha chini ya mkanda kabla ya kuurudisha.

Bafuni ni pahala penye hatari kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu pana maji ya moto, mvuke na sabuni kwa pamoja. Mtu anayeoga na saa kila siku huifikisha kwenye sabuni mara nyingi zaidi ya mara anazokwenda baharini. Ushauri wetu ni mfupi: ivue. Fanya vivyo hivyo unapofua kwa sabuni ya unga au unapoosha vyombo.

Bwawa la kuogelea lina klorini, na bahari ina chumvi. Maji ya chumvi yanapokauka huacha punje ndogo kwenye vitufe, kwenye matundu na kwenye vituo vya chuma vya kuchajia. Punje hizo huzuia vitufe kurudi sawasawa na huziacha sehemu za chuma zikiliwa na kutu. Jasho nalo lina chumvi. Mkimbiaji asiyewahi kuigusa bahari anahitaji kuisafisha saa yake kama mwogeleaji.

Saa nyingi zina kifungo cha programu kinachoitwa hali ya maji, ambacho hufunga skrini isiguswe. Watumiaji wengine huamini kwamba kukiwasha huongeza kinga. Sivyo. Kazi yake ni kuzuia matone yasibonyeze skrini ovyo. Baadhi ya saa, unapokizima, hutoa mlio unaosukuma maji nje ya tundu la spika. Saa isiyoweza kuogelewa haiwi ya kuogelea kwa kuwashiwa kifungo hicho.

Mkanda nao una masharti yake. Mkanda wa ngozi na wa kitambaa hunyonya maji, hunuka na kuchakaa upesi. Wa silikoni ndio ufaao majini. Maji yanayobaki chini ya mkanda uliokazwa sana huweza kuleta muwasho na upele. Ukiona ngozi imebadilika, vua saa, osha na ukaushe mkono, na upumzike nayo mpaka ngozi ipone.

Baada ya kutoka majini

Taratibu hii huchukua dakika chache na haina gharama.

Kwanza, suuza saa kwa maji safi yasiyo na chumvi, yenye uvuguvugu au baridi ya kawaida, bila sabuni. Angalizo kwa wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani: maji ya visima virefu katika mitaa mingi yana chumvi. Kusuuzia maji hayo ni kuondoa chumvi kwa chumvi. Tumia maji ya bomba au ya kunywa. Kikombe kimoja kinatosha.

Pili, ikiwa saa ina kitufe cha kuzungusha, kizungushe taratibu chini ya maji hayo ili chumvi itoke pembeni mwake. Usivute wala kubonyeza vitufe vingine saa ikiwa imezama.

Tatu, fungua mkanda, kausha saa na mkono kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kisha iache ipate hewa kivulini. Jua kali la kwenye kioo cha gari au bati si mahali pa kukaushia.

Nne, usiichaji kabla haijakauka kabisa, hasa mgongoni. Umeme mdogo unapopita kwenye vituo vya chuma vilivyolowa maji ya chumvi, kutu hula upesi mno. Kosa hili hufanyika kimya kimya, kwa kuwa saa huendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa kabla ya kugoma.

Ikiwa maji yamekwisha kuingia

Dalili ni ukungu chini ya kioo, sauti iliyofifia, skrini inayojibonyeza yenyewe, au betri inayoisha upesi kuliko kawaida. Ivue, izime, na usiiweke kwenye chaja. Ikaushe kwa nje na uiache mahali penye hewa. Usiifukie kwenye mchele: mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya kifaa kilichofungwa, na vumbi lake huziba matundu. Apple imewaonya watumiaji wa simu zake dhidi ya desturi hiyo hiyo. Usitumie mashine ya kukaushia nywele wala usiingize sindano au pamba kwenye matundu.

Ukiona kioo kimeinuka upande mmoja, huenda betri imevimba. Hapo jambo si la maji tena bali la usalama: usiivae, usiichaji, usiibonyeze ili irudi, na uipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa.

Kabla ya kufanya lolote zaidi, piga picha. Picha ya saa ilivyo, ya maandishi ya mgongoni, ya boksi na ya risiti ni ushahidi ambao baada ya wiki mbili hauwezi kupatikana tena.

Dhamana na sheria

Dhamana nyingi za watengenezaji huondoa madhara ya maji, hata kwa saa inayotangazwa kuwa ya kuogelea. Mkanganyiko huo umefikishwa mbele ya vyombo vya sheria katika nchi nyingine. Nchini Australia, mwezi Juni 2022, Mahakama ya Shirikisho iliiamuru Samsung Australia kulipa dola za nchi hiyo milioni 14, baada ya kampuni kukubali kwamba baadhi ya matangazo ya simu zake, yaliyoonyesha zikitumiwa bwawani na baharini, yalipotosha: kituo cha kuchajia kingeweza kuharibika iwapo simu ingechajiwa ikiwa na maji hayo. Nchini Italia, mwezi Novemba 2020, mamlaka ya ushindani iliitoza Apple faini ya euro milioni 10. Hoja mbili ndizo zilizosimama: matangazo ya simu kustahimili maji hayakuweka wazi kwamba uwezo huo ulipimwa katika masharti ya maabara, kwa maji safi yaliyotulia; na kampuni ilikataa kuhudumia chini ya dhamana simu zilizoharibiwa na maji. Mashauri hayo yalihusu simu, lakini ahadi iliyo kwenye saa ni ya aina ile ile.

Hapa nchini, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kufanya jambo linalopotosha au linaloelekea kupotosha. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Na mnunuzi anapomweleza muuzaji lengo mahususi la kununua, akitegemea ujuzi wake, zipo hali ambazo sheria hutaka bidhaa ifae kwa lengo hilo. Kwa maneno mengine, kipande cha dhamana cha mtengenezaji sicho kinga pekee aliyonayo mnunuzi. Lakini kinga ya sheria huhitaji ushahidi, na maneno ya kaunta hayana shahidi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:

Mweleze muuzaji matumizi yako kwa maneno kamili: "Nataka saa ya kuogelea baharini."

Muombe akuonyeshe katika kijitabu mahali palipoandikwa hivyo, wala si kwenye picha ya boksi.

Linganisha maandishi ya boksi na ya mgongoni mwa saa. Yakitofautiana, usinunue.

Soma, au usomewe, kifungu cha dhamana kinachohusu maji.

Dai risiti ya EFD yenye jina na modeli ya saa, na muuzaji aandike juu yake au kwenye karatasi yenye muhuri kwamba saa imeuzwa kwa matumizi ya kuogelea. Akikataa kuandika alichokisema, amekwisha kukujibu.

Tatizo likitokea, anza kwa muuzaji, kwa barua au ujumbe wa maandishi, ukitaja tarehe ya kununua, tatizo, na unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Usikubali saa ifunguliwe kabla ya kupata maandishi ya hali iliyopokelewa nayo. Usiporidhika, wasilisha malalamiko na nakala za vielelezo vyako Tume ya Ushindani kwa Tanzania Bara. Kwa aliyenunua Zanzibar, chombo husika ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ya huko.

Tumrudie mnunuzi wetu wa mfano. Saa yake haikuuawa na kina cha mita tatu. Ilidhoofishwa na sabuni ya kila siku, maji ya moto, chumvi isiyosuuzwa na chaja iliyowekwa kwenye chuma kibichi. Na hakuna aliyemwambia. Sehemu ya hasara ile angeweza kuizuia mwenyewe kwa kikombe cha maji na kitambaa. Sehemu nyingine ilitokana na kauli ya "zama nayo utakavyo", ambayo ilitamkwa siku ya kuuza na haikuandikwa popote. Laiti ingekuwa kwenye risiti, mazungumzo ya siku ile aliporudi dukani yangeanza mahali pengine kabisa.